Tetemeko Dogo la Tenke: Saa, Baruti na Waliosema Hapana

Tetemeko kubwa la ardhi halipotei. Lile la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910, lenye ukubwa wa takribani 7.4, lilinaswa na mitambo ya mbali ya kupimia matetemeko, na mwaka 1991 mtafiti wa matetemeko Nicholas Ambraseys akachapisha uchambuzi mpya wa tetemeko hilo. Kazi iko kwa lile dogo, lililogonganisha vikombe Tenke au Kolwezi, huku Katanga nchini Kongo, watu wakatazamana kisha wakaendelea na shughuli zao. Mitambo ya Lwiro kule Kivu, iliyoanza kazi miaka ya 1950, iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Tenke. Kwa tetemeko dogo la huku, shahidi mkuu ni binadamu.

Na binadamu wa ukanda wa shaba amezoea ardhi kutikisika. Mashimo ya mgodi wa Fungurume yako jirani. Baruti ikilipuka mchana, hiyo si habari. Ndiyo maana anayekusanya ushuhuda huku huanza kwa kuchuja. Aliyesimama kilomita tatu kutoka shimoni huhisi ardhi ikipiga kabla sekunde moja haijaisha. Mshindo wa hewani, unaosafiri mita 340 hivi kwa sekunde, humfikia karibu sekunde tisa baada ya mlipuko. Tetemeko halina ratiba hiyo. Mngurumo wake, ukisikika, huja pamoja na mtikisiko au huutangulia kidogo. Tena, mtikisiko ukisikika Kolwezi na Likasi kwa wakati mmoja, baruti haimo tena katika hesabu. Daftari la milipuko la mgodi liombwe mapema, kabla ya kumhoji mtu yeyote.

Swali la pili ni saa, na hapa ndipo orodha nyingi za matetemeko huharibika. Tetemeko la Ziwa Tanganyika la tarehe 5 Desemba 2005, lenye ukubwa wa 6.8, lililoangusha nyumba Kalemie, lilianza 12:19 na sekunde 56 kwa saa za kimataifa. Katanga ilikuwa 14:19, Kinshasa 13:19, Dar es Salaam na Nairobi 15:19. Mtu wa Kigoma atakuambia saa tisa na dakika ishirini alasiri. Wa Lubumbashi, aliyezoea kuhesabu saa kwa mtindo wa Kifaransa, atasema saa kumi na nne na ushee. Usipouliza ni saa za wapi, tetemeko moja litazaa matatu kwenye karatasi. Kuna na muda wa safari: kutoka chini ya ziwa hadi Tenke ni zaidi ya kilomita 600, kwa hiyo mawimbi ya kwanza huchukua zaidi ya dakika moja, na yale yanayoyumbisha taa hupita dakika mbili. Shahidi wa Tenke anayetaja 14:22 namwamini kuliko anayetaja 14:19 kamili. Huyo wa pili huenda saa hiyo aliitoa redioni.

Kwa matukio ya zamani zaidi, mimi ningeanzia stesheni. Reli ya Benguela iliungana na ya Katanga hapo Tenke mwaka 1931, na mkuu wa stesheni ya njia panda hawezi kupanga treni za Bukama, Dilolo na Lubumbashi kwa saa ya kukisia. Mstari mmoja wa mtu kama huyo pembeni mwa daftari, kwamba taa ilicheza, unashinda barua ndefu ya padre inayosema tu "juma lililopita, jioni". Magazeti kama L'Essor du Congo, lililokuwa likitoka Elisabethville (Lubumbashi ya leo), yanafaa pia, ila yasomwe kwa tahadhari: "usiku wa jana" ni jana ya mwandishi, wala si ya siku gazeti lilipotoka.

Nguvu ya mtikisiko hupimwa kwa athari. Katika kipimo cha Ulaya cha 1998, daraja la III ni wachache waliomo ndani kuhisi na vitu vinavyoning'inia kuyumba. IV ni vyombo na madirisha kulia. V ni wengi waliolala kuamka. Ufa kwenye nyumba ya matofali mabichi usikurushe haraka hadi VI. Utazame kwa karibu: ufa mpya una kingo safi na vumbi jipya sakafuni, wa zamani una utando wa buibui na rangi iliyopakwa juu yake. Mvua za masika nazo hupasua kuta.

Kinachosahaulika zaidi ni jibu la hapana. Fungurume wakisema ndiyo, Lubudi ndiyo, Likasi hapana, ile hapana ya Likasi ndiyo inayochora mpaka wa eneo la kusikika. Bila hiyo una rundo la nukta tu. Eneo hilo ndilo linalotumika kukadiria ukubwa wa tetemeko, kwa kulinganishwa na matetemeko ya ukanda huu yaliyopimwa kwa mitambo, kama la Kabalo la tarehe 11 Septemba 1992 na hilo la 2005. Rula ya California haifai, kwa kuwa miamba migumu ya kale ya Afrika hupeleka mtikisiko mbali zaidi kabla haujafifia. Namba inayopatikana iandikwe pamoja na nafasi yake ya kosa, ambayo kwa ushuhuda wa mdomo tu inaweza kufika nusu ya kizio juu au chini.