Mshenga wa Hewa Ukaa

Ukitoka Chumbageni ukapita Muheza, unafika Hale. Wengi wanaijua kwa umeme wa maji ya mto Pangani. Mimi naisifu kwa umeme mwingine, wa uozo.

Korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, ikishalikwangua jani, singa hazifiki hata asilimia 5 ya uzito wake. Kilichobaki ni maji na nyama ya jani, na kwa miaka mingi kilitupwa tu kinuke. Kufikia 2008 kampuni ya Katani ilikuwa imejenga hapo mtambo wa biogesi wa kilowati 150 uliolishwa taka hizo.

Ndani ya tangi la mtambo wa namna hiyo vijidudu huzigeuza taka kuwa gesi, na sehemu moja ya kazi yao ndiyo inayonivutia: kuigeuza hewa ukaa kuwa methani, gesi iwakayo. Hewa ukaa ni kaboni iliyokwisha kuungua. Kuirudisha iwake tena ni shughuli. Ina hidrojeni kando yake, lakini viwili hivyo vyaweza kukaa pamoja miaka na visishikane. Panatakiwa mshenga: anawakutanisha, ndoa inafungwa, naye anakwenda kuposa kwingine akiwa vilevile. Mwaka 1902 Mfaransa Paul Sabatier na mwenzake Jean-Baptiste Senderens walimpata: unga wa nikeli. Waliupasha moto, wakapitisha juu yake hidrojeni pamoja na oksaidi za kaboni, zikatoka methani na maji. Sabatier akapewa Nobel mwaka 1912.

Nikeli yake hutaka joto la nyuzi 300 hivi. Vijidudu wa tangini hawana tanuru. Wamebeba nikeli hiyohiyo, chembe mojamoja, katikati ya kimeng'enya chao, na nyuzi 37 zinawatosha. Hata methani itokanayo na asidi ya siki, ambayo kwa kawaida ndiyo nyingi zaidi, hatua yake ya mwisho hupita kwenye nikeli hiyo.

Fundi anayewatunza hafundishwi hayo kwa fomula. Tangi jipya hulianzisha kwa samadi ya ng'ombe, maana vijidudu wamo humo tayari. Gesi ya kwanza huiacha itoke, kwani nyingi ni hewa ukaa na kiberiti hakiiwashi. Akilisha kwa pupa, asidi hupanda na gesi hukatika; hapo dawa ni kusubiri, na si kila fundi ana subira hiyo.

Na ile harufu ya yai viza inayotoka tangini? Ni salfa. Nikeli ya kiwandani huuawa nayo, kwa hiyo gesi lazima isafishwe kwanza. Vijidudu wanaishi ndani yake, tena salfa kidogo wanaihitaji.