Asili ya Sikukuu: Je, Jina Lahukumu?

Yako maneno yasemwayo kila mwaka, na hasa mwezi wa Desemba ukaribiapo, ya kwamba sikukuu za Kikristo si za Kikristo hata kidogo, bali ni za kipagani zilizovikwa kanzu mpya. Mwalimu akiulizwa neno hili na mwanafunzi wake, haimpasi kulicheka, wala kulikubali kabla ya kulipima. Kwa maana mtu aliyeambiwa kuwa Krismasi ni ibada ya jua atajiona amewadanganya watoto wake. Na mtu aliyefundishwa kuhukumu kila desturi kwa asili yake atawasusa jirani zake, wala hatajua kwa nini.

Kitabu kilichoieneza sana hoja hii ni The Two Babylons, cha Alexander Hislop, mchungaji wa Scotland, kilichotoka kwanza kama kijitabu mwaka 1853, kisha kikakuzwa mwaka 1858. Twakubali ya kuwa mwandishi huyu alisoma mengi, na bidii yake si haba. Lakini njia yake ni moja tu: hutafuta majina yafananayo na siku zilizokaribiana, kisha husema kwamba hiki kimezaliwa na kile. Basi tumeona vema kuichukua njia hiyo hata Konde, mji mdogo wa kaskazini mwa Pemba, karibu na msitu wa Ngezi, tuitazame ikifanya kazi mahali ambapo wasomaji wetu waweza kuipima kwa lugha yao wenyewe.

Tuanze na majina. Hislop asema kwamba jina la Kiingereza la Pasaka, yaani Easter, ni jina la Astarte, mungu mke wa kale, aitwaye Ishtar katika Babeli. Mtawa Beda, katika kitabu chake cha hesabu ya nyakati cha mwaka 725, asema jambo jingine: kwamba Waingereza wa kale waliuita mwezi mmoja kwa jina la mungu mke Eostre, na sikukuu ikachukua jina la mwezi. Shahidi wa mungu huyu wa Kiingereza ni Beda peke yake. Lakini hata tukimkubali, hoja yenyewe yafika wapi? Mkristo wa Pemba hasemi Easter. Asema Pasaka, na neno hili asili yake ni Kiebrania, lililopita katika Kiyunani na Kilatini. Sikukuu ilikuwa ikishikwa kwa jina hilo karne nyingi kabla ya Waingereza kubatizwa. Hoja iliyojengwa juu ya neno la lugha moja huanguka mara ivukapo bahari.

Tena, jina likihukumu, litatuhukumu sote. Sisi twamwabudu Mungu siku ya Jumapili, na maana ya neno hilo ni siku ya pili baada ya Ijumaa. Hesabu yetu yaanza katika sala ya Waislamu. Hata miezi ya mwandamo, katika Kiswahili cha zamani, yahesabiwa tangu mfungo wa Ramadhani uishapo: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, hata Mfunguo Sita, ambao ndio mwezi wa Maulidi. Je, Mkristo asemaye Jumapili amesilimu? Na Mwingereza aiitaye siku hiyo hiyo siku ya jua, je, aliabudu jua asubuhi ile?

Basi na tutazame Siku ya Mwaka. Wapemba, kama Wahadimu na Watumbatu, tangu zamani walihesabu mwaka wa jua wenye siku 365, wakaugawa katika miongo, yaani makumi ya siku, na siku tano zikabaki. Siku ya kwanza yaitwa Nairuzi, nalo ni neno la Kiajemi, Nauruzi, sikukuu ambayo Waajemi waliishika tangu zama za dini ya Zoroasta. Edward Steere, aliyekuwa askofu wa Zanzibar baadaye, aliandika katika kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870 kwamba watu walioga baharini siku hiyo, na moto ulizimwa majumbani, kisha ukawashwa upya kwa kupekecha vijiti. Huko Makunduchi, Unguja, siku hiyo yaitwa Mwaka Kogwa, nayo husherehekewa mwezi wa Julai: watu hupigana kwa makuti ya migomba, na kibanda huchomwa moto.

Hapa njia ya Hislop ingetoa hukumu upesi: jina ni la Kiajemi, moto ni wa Kiajemi, basi watu hawa waabudu moto. Lakini ni nani awezaye kusema hivyo katika Konde, ambako adhana husikika mara tano kwa siku? Tena kwa kuwa mwaka ule hauna siku ya kuongeza kila mwaka wa nne, Nairuzi ya pwani imerudi nyuma kidogo kidogo, yapata siku 25 kila miaka mia, hata imeachana kabisa na ile ya Uajemi, ambayo yaangukia kama tarehe 21 Machi. Jina limebaki, siku imehama, na kazi yake imekuwa nyingine: mkulima alihesabu miongo apate kujua wakati wa kupanda, na baharia apate kujua pepo. Wako masheikh waikataao sherehe hii, na wako Waislamu waishikao. Ndiyo mashindano yale yale yaliyo kati yetu.

Na mtu apendaye kuona jinsi ukaribu wa siku unavyodanganya, na akumbuke kwamba Pasaka nayo yahesabiwa tangu tarehe 21 Machi: ni Jumapili ifuatayo mwezi mpevu wa tarehe hiyo au wa baada yake. Kwa njia ya Hislop tungeweza kusema kwamba Pasaka ni Nauruzi, na hakuna aliyewahi kuwa na sababu ya kusema hivyo. Watu wengi hutazama jua lile lile, na usiku na mchana hulingana kwa wote.

Habari ya Krismasi ni ngumu zaidi. Kaisari Aureliani aliliwekea Jua hekalu Rumi mwaka 274, na wengi husema kwamba Kanisa lilichukua tarehe 25 Desemba kutoka kwake. Lakini hati ya kale kuliko zote itajayo sikukuu ya Jua tarehe hiyo ni kalenda ya Rumi ya mwaka 354, na hati hiyo hiyo ndiyo itajayo kuzaliwa kwa Kristo. Wengine wafikiri kwamba Wakristo walihesabu miezi tisa tangu tarehe 25 Machi, ambayo Tertuliano aliitaja kuwa siku ya kusulibiwa. Na katika mashariki wengi walishika tarehe 6 Januari. Kwa hiyo asemaye kwa uhakika kwamba Krismasi ilitoka katika hekalu la Jua asema zaidi ya ushahidi wake.

Lakini haki yatudai tuseme na upande wa pili. Wako walimu wakanao kwamba Kanisa lilipokea kitu chochote kwa wapagani, nao wakosa vilevile. Mwaka 601 Papa Gregori alimwandikia mfalme Ethelbert abomoe mahekalu ya sanamu. Na muda si muda, mwaka ule ule, akamwandikia Melito kwamba mahekalu yasibomolewe, bali sanamu tu ziharibiwe, na ng'ombe waliokuwa wakichinjwa kwa pepo wachinjwe kwa karamu na kumshukuru Mungu. Yeye hakuficha asili. Aliuliza sadaka yaelekezwa kwa nani.

Nasi twaona kwamba swali hilo ndilo mizani ya kweli, na Pemba yenyewe imeonyesha kuwa lina majibu zaidi ya moja. Quakers waliofika mwaka 1897, mwaka ule ule hukumu ya utumwa ilipoondolewa kisiwani, wakafanya kituo Banani karibu na Chake Chake, ni watu ambao kwa mapokeo yao hawakupambanua siku na siku. Na UMCA huko Weti walishika kalenda nzima ya sikukuu. Mtume Paulo, katika mlango wa 14 wa Waraka kwa Warumi, aliwaruhusu wote wawili, akamkataza kila mmoja kumdharau mwenzake.

Basi mwalimu wa Konde akiulizwa kama yafaa Mkristo kwenda kuoga mwaka na jirani zake, asifungue kamusi kwanza. Na aulize: ni nini kifanywacho, na kwa ajili ya nani? Ikiwa chakula chapelekwa mzimuni ili kuomba pepo, Mkristo asiende, hata kama jina la siku lingekuwa safi namna gani. Ikiwa watu waoga, wala pamoja, na kusameheana ya mwaka uliopita, aende, hata kama jina limetoka Uajemi. Na Krismasi yake mwenyewe aipime kwa mizani ile ile, asiipunguzie neno.