Watengenezaji wa Udongo

Mtunza bustani wa mjini haanzi kwa kupanda. Anaanza kwa kutengeneza udongo. Katikati ya Durban, Afrika Kusini, lami imefunika karibu kila kitu, na mchanga wa pwani haukai na maji. Anayetaka tuta la mchicha hapo hana budi aanze na taka: majani ya kabichi, maganda ya ndizi, magunzi ya mahindi. Taka hizo zimejaa Warwick, kwenye makutano yenye masoko tisa yaliyosongamana kando ya stesheni ya treni na vituo vya teksi.

Taka hupangwa tabaka kwa tabaka, mbichi na kavu, samadi kidogo ikipatikana, kisha zinanyunyiziwa maji. Siku chache baadaye lundo linaanza kutoa joto. Mwenye uzoefu huchomeka kijiti katikati, akakichomoa baadaye na kukishika. Kikiwa cha moto na chenye unyevu, kazi inakwenda. Kikitoka kikavu anaongeza maji, na kikinuka uvundo analigeuza lundo hewa ipite. Hana kipimo kingine. Baada ya miezi miwili au mitatu vilivyokuwa vinazolewa na gari la taka vimekuwa mboji nyeusi, laini, isiyo na harufu mbaya hata kidogo. Kwangu mimi hakuna ufundi mjini unaostahili heshima kuliko huu.

Durban imeupandisha ufundi huu hadi mapaani. Mwaka 2008 manispaa ya eThekwini ilianza majaribio ya paa la kijani kwenye majengo ya wahandisi wake, na baadaye bustani ya mboga ikaanzishwa juu ya jengo moja la Mtaa wa Monty Naicker, uliokuwa Pine Street. Huko juu mkulima anapima uzito kabla ya kufikiria mavuno, kwa sababu udongo uliolowa ni mzigo mkubwa. Tuta linakuwa la kina kifupi, na chini yake hutandikwa tabaka la kupitisha maji, la sivyo mizizi inaoza na dari inavuja. Upepo wa bahari unakausha majani na kuleta chumvi, kwa hiyo matandazo ya nyasi si jambo la hiari. Paa la namna hiyo huchelewesha maji ya mvua yasishuke yote kwa mara moja, na katika mkoa ambao mafuriko ya Aprili 2022 yaliua watu zaidi ya 400, hilo si jambo dogo.

Lakini asitokee mtu akatuambia kwamba kulima mjini ni mtindo wa juzi. Meli ya Truro ilifika Durban Novemba 1860 na Wahindi waliofungwa kwa mikataba ya kazi, wengi wao wakapelekwa kwenye mashamba ya miwa. Mikataba ilipokwisha, wengi walikodi ardhi ambayo wengine hawakuitaka, kando ya mto Umgeni, Cato Manor na Clairwood, wakaotesha giligilani, pilipili na biringanya, wakawa wanaulisha mji. Umgeni ulipofurika Oktoba 1917 uliwafuata majumbani mwao kwenye tambarare za Springfield, na Wahindi wenzao waliokuwa wavuvi waliingia majini kwa mashua kuwaokoa. Mwaka 1934 soko la Early Morning Market lilijengwa Warwick, na mboga zao zikapata paa. Kisha ikaja sheria ya 1950 ya kutenga makazi kwa rangi, na familia nyingi zikahamishwa. Leo Springfield na Clairwood zina viwanda na maghala, na udongo uliotunzwa vizazi kadhaa umelala chini ya zege. Hasara hiyo sijawahi kuiona ikihesabiwa popote. Soko lenyewe liliponea chupuchupu: mwaka 2009 manispaa ilitaka kulibomoa ijenge duka kubwa, wachuuzi wakagoma kuondoka, na mpango ukafa.

Siku hizi Kiswahili kinasikika katika mitaa hiyo, hasa kwa Wakongo wa mashariki waliokimbia vita. Wengi wanajua jembe tangu utotoni, lakini mikono haitoshi ugenini. Aliyezoea masika ya Machi ya pwani yetu atakuta Durban mvua zinaanza Oktoba, ndipo Wazulu wanapopanda amadumbe, magimbi yetu. Juni ni baridi, ila umande haugandi, na kabichi hunawiri kuliko wakati wa joto. Hayo huyapati bila kumuuliza mwenyeji, na mwenyeji hamwambii mtu asiyemsalimia. Ndiyo maana napenda bustani ya pamoja kuliko ya uani.

Udongo hauivi kwa msimu mmoja. Mpe mtu kiwanja kwa miezi sita, atavuna na kuondoka. Mpe kwa miaka kumi, atakirutubisha. Wakuu wa miji, wa Durban na wa kwetu Dar es Salaam kwenye bonde la Msimbazi pia, waandikieni wakulima wa mboga mikataba mirefu.