TestDisk na miembe ya njia ya misafara

Diski ikikataa kufunguka kwenye Linux, usikimbilie kusema faili zimekufa. Pengine kilichopotea ni jedwali la patisheni tu. Kwenye mfumo wa zamani wa MBR, jedwali hilo ni baiti 64, ndani ya sekta ya kwanza yenye baiti 512. Zikifutika hizo, kompyuta haijui tena patisheni inaanzia wapi na kuishia wapi, japo mafaili yenyewe bado yapo palepale.

Hapo ndipo wengi hushika TestDisk, programu huria ya Mfaransa Christophe Grenier. Kuielewa, fikiria njia ya zamani ya misafara: Bagamoyo, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara pale Tabora, hadi Ujiji. Hata bila ramani, miembe mikongwe iliyopandwa enzi za misafara inaweza kukuonyesha vituo vilikuwa wapi. TestDisk nayo hupita kwenye diski ikitafuta alama zilizoachwa na mifumo ya faili. Kwa ext4, alama hiyo iko kwenye bloku inayoanza baiti 1024 baada ya mwanzo wa patisheni, na bloku hiyohiyo hutaja ukubwa wa mfumo wa faili. Mwanzo umejulikana, ukubwa umejulikana; mwisho ni hesabu tu.

Kazi hiyo inaifanya vizuri sana. Shida ni kwamba mwembe haukuambii kama kituo kilishahamwa. Diski iliyogawanywa upya mara mbili tatu hubaki na alama za mgawanyo wa zamani, na utafutaji wa kina huzileta zote mezani. Ipi ni hai? Unaachiwa wewe uamue, na hapo ndipo ninapoilaumu. Menyu ni za Kiingereza, diski ya MBR inaelezwa kwa namba za silinda, na herufi P ina kazi mbili: kwenye orodha ni patisheni ya msingi, kwenye kibodi ni kuonyesha faili. L nayo vilevile: patisheni ya kimantiki, na pia kupakia nakala ya akiba. Kabla ya kuandika jedwali jipya inakuuliza uthibitishe, sawa, lakini mtu aliyechanganyikiwa atathibitisha nini?

Sasa chukua mwanafunzi wa Tabora ambaye diski yake ina sauti za wazee waliokwishafariki. Huyo hana nafasi ya kubahatisha. Kwanza anakili diski nzima kwa ddrescue, kisha afanye kazi kwenye nakala. Kila patisheni inayoonekana, abonyeze P aone faili. Yenye majina anayoyafahamu ndiyo ya kuanzia. Kama diski ni ya GPT, atazame kwanza mwishoni mwa diski: nakala ya jedwali huwekwa huko, na gdisk inaweza kuirejesha.

Itumie TestDisk, tena bila woga. Ila usiiachie uamuzi: inajua kutafuta miembe, haijui kijiji chako ni kipi.