"Sehemu Guni": Istilahi Inayohukumu Kabla ya Kueleza

Miongoni mwa istilahi za hisabati zilizoenea katika shule zetu za msingi tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia mwaka 1967, "asili" na "kiasi" zimekaa vizuri. Asili hutaja idadi ya vipande ambavyo kizima kimegawanywa. Kiasi hutaja vilivyochukuliwa. Istilahi ya "sehemu guni", yaani sehemu ambayo kiasi chake si kidogo kuliko asili, haistahili sifa hiyo.

Guni ni neno la washairi. Shairi guni ni shairi lililoharibika vina au mizani. Yamkini waundaji wa istilahi walilitazama neno la Kiingereza, ambalo nalo hulaumu, wakatafuta lawama ya Kiswahili iliyo sawa nalo. Lakini 5/4 ina kosa gani? Mpimaji wa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, akiweka katika mizani mawe matano ya robo kilo, upande wa pili utadai dagaa gramu 1,250 kamili. Mizani hiyo haina guni.

Madhara yake si ya nadharia tu. Katika darasa moja kando ya Ziwa Viktoria nilimsikia mwanafunzi akisema kwamba 5/4 "imekosewa", kwani sato akikatwa vipande vinne, cha tano hakipo. Mwalimu akamjibu: "Kimetoka kwa sato wa pili, aliye sawa na wa kwanza." Jibu hilo lilikuwa na elimu kuliko istilahi iliyoandikwa ubaoni, maana lilitaja jambo ambalo aghalabu hunyamaziwa: kizima cha kupimia hubaki kimoja, hata pale vipande vinapotoka kwa wawili.

Lugha yenyewe ilikwisha kutuonyesha njia. Twasema saa mbili na robo, na saa mbili kasorobo. Robo ni ile ile. Tunachobainisha ni upande gani wa kizima tumesimama. Tena tazameni kasoro ilipowekwa: kwa kile kisichofikia kizima, si kwa kilichokipita. Istilahi yetu imekwenda kinyume. 3/4, iliyopungukiwa na robo, haina lawama. 5/4, yenye robo ya ziada, ndiyo guni. Hata 4/4 huingizwa katika kundi hilo hilo. Kizima kitimilifu kikaitwa kibovu!

Watakuwapo wa kujibu kwamba jina ni jina tu. Kwamba thumni, yaani sehemu ya nane, iliwahi kuwa jina la senti 50, nusu ya shilingi, na hakuna mnunuzi aliyedanganyika. Naam, lakini mnunuzi alikuwa na sarafu mkononi. Mwanafunzi ana neno tupu.

Napendekeza "sehemu pitilizi" kwa zile zinazopita kizima. 4/4 haipitilizi chochote, nayo yatosha kuitwa kizima. Neno jipya huchelewa kufika katika mitihani. Hadi hapo, mwalimu anayelazimika kuandika "guni" na aanze kwa kuliuliza darasa: imebaki ngapi kufikia kizima, au imekipita kwa ngapi?