Chaki, Kamba na Mvuto wa Trekta

Mtu aliyepata kusimama ufukweni Kilwa Kivinje wakati jahazi linapokokotwa kupandishwa pwani, akawatazama wavutaji wameinamia kamba na kuitikiana kwa sauti moja, ameona kwa macho yake ya kwamba kipimo cha kazi si kelele wala jasho, bali ni uzito uliosogezwa, masafa uliyokwenda na muda uliopita.

Vivyo hivyo kwa matrekta: mashindano yake ya kuvuta mzigo huko Marekani hutumia tela maalumu ambalo sanduku lake la mzigo husogea mbele kadiri trekta linavyokwenda, hata uzito ulielemee na magurudumu yachimbe ardhi pasipo kusonga. Mshindi ni aliyefika mbali zaidi, aghalabu katika njia ya takriban mita 100. Ni furaha kubwa ya macho, walakini mkulima arudipo kwake hajui bado trekta lile litakula mafuta kiasi gani shambani. Kutojua kama huko ndiko kulikomkera zamani Wilmot Crozier, mkulima na mjumbe wa baraza la kutunga sheria la Nebraska, ambaye, baada ya kununua trekta lililomtia hasara, alipigania sheria ya mwaka 1919 iliyolazimu matrekta yapimwe na Chuo Kikuu cha jimbo hilo kabla ya kuuzwa humo. Tangu 1920 trekta likafungiwa nyuma gari ya kupimia mvuto na mwendo, mafuta yakahesabiwa, na matokeo yakachapwa asome atakaye.

Elimu iliyo kubwa imo katika kuteleza kwa gurudumu, na vyombo vyake ni chaki na kamba. Tia alama ubavuni mwa gurudumu la nyuma, trekta liende bila mzigo mpaka gurudumu litimize mizunguko 10, upime masafa. Kisha funga mzigo, urudie mizunguko ile ile. Ikiwa kwanza lilikwenda mita 50 na sasa mita 42, mita 8 zimepotea, yaani asilimia 16, na mafuta yake yamekwenda bure. Kutoteleza kabisa nako si kuzuri, kwani huenda trekta limebebeshwa vyuma vya ziada vinavyoshindilia udongo. Mwenye mizani ya mvuto na aongeze hesabu ya pili: kilonyutoni 10 kwa mwendo wa mita 1.5 kila sekunde ni kilowati 15, takriban nguvu za farasi 20.

Mkoa wa Lindi una sababu yake ya kuyajali haya. Mradi wa karanga wa serikali ya Kiingereza, ulioanza 1947, ulifikisha mitambo mizito hadi Nachingwea mkoani humo, ukaachwa 1951. Si nguvu ya vyuma tu iliyopungua, bali pia kuupima udongo na mvua kabla ya kulima. Nawasihi basi wanaotayarisha maonyesho ya wakulima ya Nane Nane katika viwanja vya Ngongo watenge kipande cha ardhi, mzigo mmoja, chaki, kamba ya mita 50, na ubao ambao wanafunzi wataandikia hesabu mbele ya wakulima.