Njaa Zenye Majina: Ukambani Katika Thank You for the Rain

Kila mkutano wa mazingira unaofanyika hapa London siku hizi hutafuta mkulima mmoja wa Afrika wa kupandishwa jukwaani. Filamu ya Thank You for the Rain (2017) inazidi kawaida hiyo kwa jambo moja kubwa: mkulima mwenyewe ndiye aliyeshika kamera. Kisilu Musya, wa Mutomo katika Kaunti ya Kitui, alirekodi maisha yake, ya mkewe Christina, ya watoto wao na ya majirani kwa miaka kadhaa, akishirikiana na mwongozaji wa Norway, Julia Dahr. Tunaona mvua ikikawia, kisha dhoruba ikiezua nyumba yake. Tunamwona akiwashawishi majirani wapande miti na wajiunge katika vikundi. Hatimaye tunamfuata hadi Paris, Desemba 2015, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa uliozaa Mkataba wa Paris.

Watazamaji wengi huichukulia Paris kuwa kilele cha hadithi. Kwangu mimi, filamu inadhoofika pale. Kisilu wa Mutomo ni msimulizi: yeye ndiye anayeamua tutazame nini, na kwa muda gani. Kisilu wa Paris anatazamwa. Na wakati anazunguka kwenye kumbi zile, Christina amebaki na shamba na watoto. Picha za Christina akifanya kazi zina uzito kuliko hotuba zote za mkutano, kwani zinaonyesha ni mgongo wa nani unaobeba neno hili jepesi tulilolizoea, "kuhimili".

Kasoro yangu kubwa na filamu hii ni kwamba inamfanya Kisilu aonekane kama mtu wa kwanza. Historia ya Ukambani haiungi mkono picha hiyo. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni, ikisingizia mmomonyoko wa udongo, iliwanyang'anya Wakamba wa Machakos ng'ombe wao. Maelfu waliandamana hadi Nairobi. Muindi Mbingu, kiongozi wao, alihamishiwa Lamu, lakini uuzaji wa lazima wa mifugo ukasitishwa. Matuta ya kulazimishwa nayo yalichukiwa. Hata hivyo, kuanzia miaka ya 1950, wakulima wengi walichagua wenyewe aina nyingine ya tuta: unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unautupia upande wa juu, na maji ya mvua yanazuiwa yasiukimbie mmea. Kazi hiyo ilifanywa sana na vikundi vya mwethya, na wengi wa wanavikundi walikuwa wanawake. Tuta hilo linaitwa "fanya juu", na limeingia kwa jina hilohilo la Kiswahili katika vitabu vya kilimo vya Kiingereza. (Ni nadra istilahi zetu kusafiri upande huo.)

Kuna hazina nyingine ambayo filamu imeipita, nayo inatuhusu zaidi sisi wa fasihi. Wakamba huzipa njaa zao majina. Ile ya 1961, iliyofuatwa na mafuriko, inakumbukwa kwa ndege zilizodondosha chakula. Ile ya 1984 inaitwa Yua ya Nikw'a Ngwete, yaani "ninakufa huku nimeshika". Kilichoshikwa ni pesa. Mvua ilikosekana, lakini jina halitaji mvua hata kidogo. Linamtaja mtu mwenye fedha kiganjani na duka lisilo na unga wa kumuuzia. Katika maneno mawili tuna nafsi ya kwanza, wakati uliopo, na kejeli kali dhidi ya soko lililowaahidi watu kwamba mwenye pesa hafi njaa. Kwa kipimo chochote cha uhakiki, hiyo ni fasihi simulizi iliyokamilika, na ni fasihi inayomtafuta mhusika.

Tulinganishe na istilahi yetu rasmi. "Tabianchi" ilianza vitabuni kama "tabia ya nchi", neno la somo la jiografia, nalo halikuwa na ubaya. Tunaposema "mabadiliko ya tabianchi", hata hivyo, nchi ndiyo inayobadilika tabia, mithili ya kijana aliyeharibikiwa, na hakuna anayeulizwa ni nani aliyemharibu. Sentensi haina mtenda. Kisilu anapozungumza kwake anajua mtenda yuko wapi: anajua kwamba moshi uliochafua anga haukutoka Mutomo. Anapofika Paris anapewa msamiati usiokuwa na mtenda huyo, na uchovu wake kwenye kamera, nadhani, unatokana na hilo kwa sehemu.

Ninaposomesha filamu hii, huwapa wanafunzi orodha ya majina ya njaa kabla ya kuzima taa, kisha baada ya kutazama huwaomba waitungie jina ile waliyoiona. Wengi huanza na neno "ukame". Wachache hurudi kwenye mandhari ya Christina akiwa peke yake shambani, na hapo majina yanaanza kupata watu ndani yake.